August Wöhler, mhandisi aliyehesabu uchovu wa chuma

KALEMIE, Tanganyika – Huko Katanika, pembeni ya mji wa Kalemie, velo ni gari la mzigo. Inabeba magunia ya makala, mihogo, bidoni za mafuta ya mawese, na siku nyingine inabeba mgonjwa. Fundi wa velo anajua jambo ambalo mteja wake hapendi kulisikia: ekseli ya gurudumu la nyuma inaweza kupita salama siku ya mzigo mkubwa kabisa, kisha ikakatika wiki kadhaa baadaye, velo ikiwa karibu tupu, mahali pasipo na shimo. Mteja anasema aliuziwa chuma kibaya. Pengine ni kweli. Lakini inawezekana pia kwamba chuma kilikuwa kizuri, ila kilichoka.

Kwamba chuma kinachoka, na kwamba uchovu wake unaweza kuhesabiwa, ni jambo ambalo ulimwengu ulifundishwa na Mjerumani mmoja aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli. Aliitwa August Wöhler. Alifariki tarehe 21 Machi 1914 mjini Hannover, akiwa na miaka 94. Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1915, reli kutoka Kabalo ilifika kwenye ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Kalemie, na kila treni iliyopita juu yake ilitembea kwa ekseli za aina ile ile aliyokuwa ameitolea maisha yake.

Asichanganywe na Friedrich Wöhler, mkemia maarufu wa Ujerumani aliyeishi wakati huo huo. Huyo ndiye anayejulikana zaidi kwenye vitabu vya shule. August hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa karakana, mwenye mikono ya mafuta, na pengine ndiyo sababu aliona kitu ambacho maprofesa wa wakati wake walikuwa wanabishania bila kukipima.

Kutoka Soltau hadi Frankfurt ya mto Oder

Wöhler alizaliwa tarehe 22 Juni 1819 huko Soltau, mji mdogo uliokuwa ndani ya ufalme wa Hannover. Alisoma kwenye shule ya ufundi ya Hannover, kisha akaenda Berlin kufanya kazi kwa Borsig, kiwanda kilichokuwa kinaanza kutengeneza vichwa vya treni. Reli ilikuwa jambo jipya kabisa. Ujerumani ilipata treni yake ya kwanza ya mvuke mwaka 1835, Wöhler akiwa kijana wa miaka 16. Kwa hiyo alikua pamoja na reli, kama vile vijana wa leo walivyokua pamoja na simu ya mkononi.

Baadaye alipelekwa Ubelgiji kujifunza kuendesha kichwa cha treni. Ni jambo la kukumbukwa hapa Kongo, ambako Wabelgiji ndio waliokuja kuwa wakubwa wa reli: kwenye miaka ya 1840 Ubelgiji ilikuwa mbele ya majirani zake wengi katika mambo hayo, na Mjerumani alikwenda huko kama mwanafunzi. Aliporudi alifanya kazi kwenye reli ya Hannover, na mwaka 1847 akapewa kazi iliyomjulisha kwa ulimwengu: kusimamia vichwa vya treni, mabehewa na karakana za kampuni ya reli iliyounganisha Berlin na Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Makao yake yalikuwa Frankfurt iliyo kando ya mto Oder, si ile Frankfurt nyingine yenye uwanja mkubwa wa ndege. Alikuwa na miaka 28.

Kazi ya mkubwa wa karakana ni kuhakikisha treni inaondoka na inafika. Na kilichokuwa kinazuia treni kufika, mara nyingi kuliko watu walivyopenda kukiri, ni ekseli kukatika.

Ajali iliyotisha Ulaya

Miaka mitano kabla Wöhler hajaanza kazi hiyo, tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu ilikuwa inarudi Paris kutoka kwenye sherehe za mfalme huko Versailles. Karibu na Meudon, ekseli ya kichwa cha mbele ilikatika. Kichwa kilianguka, cha pili kikakipanda, mabehewa ya mbao yakarundikana juu ya moto wa makaa. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, kama ilivyokuwa desturi. Watu zaidi ya 50 walikufa, kati yao Jules Dumont d'Urville, baharia aliyekuwa amefika hadi kwenye barafu ya kusini mwa dunia na kurudi salama.

Wataalamu walipookota vipande vya ekseli walikuta jambo la ajabu. Chuma hakikuwa kimepinda wala kuvutika kabla ya kukatika. Kilikuwa kimekatika wima, kama fimbo ya chaki. Sehemu moja ya jeraha ilikuwa imesuguka laini, nyingine iliang'aa kwa chembechembe. Kutokana na chembe hizo wengi waliamini kwamba mtikisiko wa safari hugeuza tabia ya chuma: kinaingia kwenye treni kikiwa na nyuzi kama mti, kinatoka kikiwa chembe kama chumvi. William Rankine wa Scotland alikataa mapema, akaonyesha kwamba ufa huanzia kwenye kona, pale ambapo ekseli inabadilika unene, kisha unaingia ndani polepole. Lakini mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, maana hakuna aliyekuwa na hesabu mkononi.

Ili kuelewa tabu yenyewe, inafaa kuitazama ekseli ya treni kwa makini. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye chuma kimoja kinene, na vyote vinazunguka pamoja. Uzito wa behewa unakandamiza ncha zake mbili. Chuma kinapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona: upande mmoja unavutwa, upande wa pili unabanwa. Kisha gurudumu linageuka nusu. Upande uliokuwa unavutwa sasa unabanwa, na uliokuwa unabanwa unavutwa. Nusu nyingine, vinarudiana. Kila sehemu ya ngozi ya chuma inapanda kwenye kilele cha kuvutwa na kushuka kwenye bonde la kubanwa, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Kwa gurudumu lenye upana wa mita moja, safari ya kutoka Kalemie hadi Kabalo, karibu kilomita 270, ni vilele na mabonde kama 86,000. Kwenda tu, bila kurudi.

Kibao cha zinki

Watu wengine wangeanza kwa kutengeneza ekseli nene zaidi, na ndivyo walivyofanya. Wöhler alianza kwa kuuliza swali la karani: ni mzigo gani hasa ambao ekseli inaubeba ikiwa safarini? Uzito wa behewa likiwa limesimama ulijulikana. Lakini kwenye maungio ya reli, kwenye kona, kwenye breki, hakuna aliyejua.

Basi alitengeneza kifaa, akakifunga kwenye ekseli zenyewe, na mwaka 1858 akaanza kuchapisha majibu yake. Ekseli ilipopinda, mkono wa kifaa ulisogea, na ncha yake ikakwaruza kibao cha zinki. Ekseli ilipopinda zaidi, mkwaruzo ulirefuka zaidi. Treni ilipofika, Wöhler alifungua kifaa na kupima urefu wa mkwaruzo. Alipata kilele: mpindo mkubwa kuliko yote ya safari nzima. Alipima pia namna ekseli inavyosokotwa. Mabehewa yenye vifaa hivyo yalitembea maelfu ya kilomita kwenye reli ya kawaida, yakiwa na mizigo ya kawaida.

Kwa macho ya leo kifaa hicho ni maskini. Kilihifadhi ukingo wa juu tu, hakikusema kilele hicho kilifikiwa mara ngapi wala mabonde yaliyofuata yalikuwa na kina gani. Wöhler alijua hilo. Hapo ndipo uamuzi wake wa fundi ulipoingia. Mshtuko mkubwa wa namna ile, aliona, hauji kila gurudumu likizunguka. Ni wa mara chache. Kwa hesabu yake, ekseli iliyotarajiwa kutembea maili 200,000 kabla ya kulika kwenye ncha zake ilitakiwa iweze kustahimili mpindo huo mkubwa mara 200,000, yaani kama mara moja kwa kila maili. Maili ya Prussia ilikuwa zaidi ya kilomita 7, kwa hiyo hayo ni maisha marefu sana. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameandika umri wa kipande cha chuma kwa idadi ya mara kitakazopindwa, na si kwa miaka.

Mashine zilizozunguka kwa miaka

Baada ya kujua mzigo, lilibaki swali la pili: chuma kinastahimili mara ngapi? Wöhler alijenga mashine kwenye karakana. Iliyo maarufu zaidi ilishika vipande viwili vya chuma kwa mara moja, ikavizungusha mchana na usiku huku springi zikivivuta ncha kwenda chini, kama uzito wa behewa. Kifaa kilihesabu mizunguko. Kipande kilipokatika, mtu aliandika namba. Alijenga nyingine za kuvuta moja kwa moja, za kupinda upande mmoja tu, na za kusokota. Kazi hiyo aliifanya huku akiendelea kusimamia treni, na ilimchukua zaidi ya miaka kumi.

Namba zenyewe zinaongea vizuri kuliko maelezo. Hizi ni za chuma cha ekseli kutoka kampuni ya Phoenix. Mzigo umeandikwa kwa kipimo cha Prussia cha wakati huo, sentna kwa kila inchi ya mraba ya Kiprussia.

Kwa mzigo wa 320, kipande kilikatika baada ya mizunguko 56,430. Kingekuwa chini ya treni yetu ya mfano, kisingefika Kabalo. Kwa 280 kilifikia 183,145. Kwa 240 kilifikia 909,810. Kwa 200, karibu milioni 5. Kwa 180, milioni 19 na zaidi. Na kwa mzigo wa 160, nusu ya ule wa kwanza, mashine ilizunguka mara 132,250,000, kipande hakikukatika, wakaizima.

Asomaye haraka asiruke namba ya mwisho. Kuupunguza mzigo nusu hakukuongeza maisha mara mbili. Kuliyaongeza zaidi ya mara elfu mbili, na mwisho wake haukuonekana. Ina maana kuna mzigo ambao chuma hicho, kwa kadiri mtu anavyoweza kungoja, hakichoki. Na ina maana pia kwamba mwenye kupakia kupita kiasi kidogo tu anakula maisha ya ekseli kwa kasi asiyoidhania. Abiria hana namna ya kuijua hesabu hiyo.

Wöhler aliona jambo jingine ambalo mafundi walilipokea upesi: kona kali inaua. Kipande kilichopunguzwa unene kwa kukatwa wima kilikufa mapema kuliko kilichopunguzwa kwa mviringo laini. Rankine alikuwa amesema hivyo. Sasa kulikuwa na namba.

Umbali kati ya kilele na bonde

Ugunduzi wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitoka kwenye mashine za kuvuta na kupinda upande mmoja. Hapo aliweza kuchagua kilele na bonde kila kimoja peke yake.

Mizigo ambayo chuma cha Phoenix kilistahimili bila mwisho kuonekana ilikuwa hivi. Kikivutwa hadi 160 kisha kikabanwa hadi 160, kiliishi. Kikivutwa hadi 300 na kuachiwa hadi sifuri, kiliishi. Kikivutwa hadi 440 na kulegezwa hadi 240 tu, kiliishi vilevile. Lakini kipande kile cha mzigo wa 180 kwa pande zote mbili, chenye kilele kisichofika nusu ya 440, kilikufa.

Kwa wengi wa wakati wake hilo lilikuwa kinyume cha akili. Walidhani chuma kinakatwa na mzigo mkubwa kuliko yote kiliokutana nao. Wöhler alionyesha kwamba kinachokata ni umbali kati ya kilele na bonde linalofuata, pamoja na idadi ya mara umbali huo unaporudiwa. Kilele chenyewe kina sauti pia: kadiri kinavyokuwa juu, ndivyo umbali unaoruhusiwa unavyopungua. Kwenye mfano hapo juu umbali ulikuwa 320, kisha 300, kisha 200. Waya unaokazwa na kubaki umekazwa unaweza kudumu miaka. Waya unaopindwa huku na huko kwa vidole unakatika kabla mtu hajahesabu hadi 20.

Maelezo hayo aliyaweka kwenye ripoti ya mwisho ya mwaka 1870. Sampuli zake zilikuwa tayari zimeonyeshwa Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1867, na gazeti la wahandisi wa Uingereza liliwaeleza wasomaji wake kazi hiyo. Yeye mwenyewe aliacha majibu kwenye meza za namba. Mchoro unaoonyesha mzigo ukishuka huku idadi ya mizunguko ikiongezeka, mchoro ambao wanafunzi wote wa uhandisi wanaujua kwa jina la Wöhler, hakuuchora. Mrithi wake kwenye majaribio, Ludwig Spangenberg, ndiye aliyegeuza namba kuwa mistari. Jina likaja baadaye kabisa, mwenyewe akiwa kaburini.

Mtu aliyetaka chuma kiwe na cheti

Karibu na mwaka 1870 Wöhler aliondoka Frankfurt, akaongoza kiwanda cha vifaa vya reli mjini Berlin. Mwaka 1874 aliitwa Strasbourg. Ujerumani ilikuwa imeichukua Alsace kutoka kwa Ufaransa baada ya vita, pamoja na reli zake, na Wöhler akawa mmoja wa wakurugenzi wa reli hizo za dola. Alikaa huko hadi alipostaafu mwaka 1889. Wafaransa wa Strasbourg hawakuwa na sababu ya kumpenda mkubwa aliyeletwa na mshindi, na habari za maisha yake huwa zinapita haraka juu ya miaka hiyo.

Lakini ni katika miaka hiyo alipopigania jambo linalomgusa mnunuzi yeyote wa chuma, hata wa nondo sokoni. Wenye viwanda waliuza chuma kwa maneno: kizuri, kizuri zaidi, bora kabisa. Wöhler alitaka chuma kipangwe kwa madaraja kulingana na nguvu iliyopimwa, na upimaji ufanywe na ofisi za serikali zisizo na faida kwenye biashara. Wenye viwanda walipinga kwa nguvu, jambo lisiloshangaza. Mwishowe ofisi za kupima vifaa zilisimama Ujerumani, na nchi nyingine zikafuata. Kazi hii haikumpa umaarufu kama mashine zake, ila huenda imeokoa watu wengi zaidi.

Heshima ilimfikia akiwa mzee. Mwaka 1901 chuo cha ufundi cha Berlin kilimpa udaktari wa heshima, akiwa na miaka 82. Mwaka 1903 Waingereza wawili, James Ewing na John Humfrey, waliweka chuma kilichopindwa mara nyingi chini ya darubini, wakaona mistari midogo ikitokea ndani ya chembe, ikiongezeka, mpaka ikawa ufa. Ile hadithi ya chuma kugeuka kuwa chembe ikaisha hapo: chembe zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni ufa, na Wöhler alikuwa hai kuona ushahidi wake.

Reli, meli na ndege

Kifo chake mwezi Machi 1914 kilitangulia vita kwa miezi michache. Wakati huo meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, katika jimbo lile lile la Hannover alilozaliwa Wöhler, ilikuwa imekatwa vipande na kupelekwa Kigoma kuunganishwa upya. Ng'ambo ya pili, Wabelgiji walikuwa wanaharakisha reli kuelekea ziwani. Meli hiyo bado inajulikana na watu wa ziwa kwa jina la Liemba.

Reli ya Kalemie imeishi maisha magumu. Mwaka 1955 upana wake uliongezwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067 ili iweze kuungana na reli ya Katanga, maana yake magurudumu yaliyokaa kwenye ekseli kwa upana wa zamani hayakufaa tena. Vita na ukosefu wa fedha vilifuata. Mwezi Septemba 2019 treni iliacha reli katika jimbo la Tanganyika na watu wakafa. Treni inaweza kuacha reli kwa sababu nyingi, reli yenyewe, mbao zake, mwendo, mzigo, na ekseli ni moja tu kati yake. Lakini kwenye kila moja kati ya hizo swali la Wöhler linabaki na maana: kitu hiki kimepindwa mara ngapi, na kwa umbali gani?

Wenye ujuzi mkubwa pia waliwahi kulisahau. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa kwa ratiba, aina ya Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikatua Entebbe njiani. Ndani ya ndege hewa hukazwa ili abiria wapumue. Kila safari ni kilele kimoja cha kukazwa na bonde moja la kuachiwa. Ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, watu 35 wakafa. Ilikuwa imekazwa hewa mara 1,290. Wachunguzi huko Uingereza waliiweka ndege nyingine ya aina hiyo ndani ya tangi la maji, wakaikaza na kuilegeza tena na tena, mpaka ikapasuka baada ya jumla ya mara 3,057, ukihesabu na safari zake za kweli. Ufa ulianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa kwenye ngozi ya ndege.

Kilele cha kweli na cha uongo

Kibao cha zinki kimekufa. Siku hizi kipimo cha umeme hubandikwa kwenye chuma na kuandika nguvu mara mamia au maelfu kwa sekunde. Safari moja inatoa mamilioni ya namba, na tabu imegeuka: Wöhler alikuwa na kilele kimoja, wahandisi wa leo wana vilele vingi mno.

Wakaaji wa Kalemie wanaweza kuelewa hili kwa kutazama ziwa. Mtu akisimika mti wenye alama ufukweni, maji yatapanda na kushuka juu yake kila wimbi likija. Hayo ni vilele na mabonde, lakini hayamwambii chochote juu ya majira. Chini ya mawimbi kuna mpando wa mwaka: ziwa hufika juu mwishoni mwa mvua, karibu na Aprili na Mei, na kushuka hadi karibu na Oktoba na Novemba. Chini ya huo kuna mpando wa miaka mingi, ule uliofanya maji yaingie kwenye nyumba za Kalemie mwaka 2024. Asiyetenganisha mambo hayo matatu anaweza kuita wimbi la boti mafuriko, au mafuriko wimbi.

Kwenye namba za chuma kanuni ya kwanza ni rahisi: pale ambapo namba zinaacha kupanda na kuanza kushuka ni kilele, zinapoacha kushuka na kuanza kupanda ni bonde. Zilizo katikati zinaweza kufutwa, chuma hakizijali. Ila kifaa chenyewe kinatetemeka, na kila mtetemo unatoa kilele cha uongo. Kwa hiyo huwekwa kizingiti: mgeuko haukubaliwi mpaka namba zisogee mbali kwa kiasi kilichopangwa. Kizingiti kikiwa kidogo, orodha inajaa takataka. Kikiwa kikubwa, vilele vya kweli vinafutwa na chuma kinaonekana kina afya. Na kama kifaa kinaandika polepole mno, ncha ya kilele inapita katikati ya namba mbili bila kuonekana. Hakuna programu inayoweza kuchagua kizingiti hicho bila mtu anayejua kinachopimwa.

Baada ya hapo vilele na mabonde yanatakiwa kuoanishwa. Mwaka 1968 Wajapani wawili, Tatsuo Endo na mwenzake Matsuishi, walitoa njia inayotumika mpaka leo. Waliusimamisha mchoro wima, vilele vikafanana na paa za hekalu zilizopangana, kisha wakafuata maji ya mvua yanavyotiririka kutoka paa moja hadi nyingine. Pale mtiririko unapoishia, umbali mmoja umepatikana. Hivyo mpando mdogo uliomo ndani ya mpando mkubwa unahesabiwa peke yake, na ule mkubwa haupotei.

Kinachotoka mwishoni mwa hesabu hiyo, kwenye kompyuta ya kiwanda cha ndege au ya karakana ya reli, ni meza yenye safu mbili: umbali kati ya kilele na bonde, na idadi ya mara. Zinalinganishwa na majibu ya chuma hicho kwenye mashine ya kuchosha, na hadi leo mashine ya kuzungusha kipande kilichopindwa inafanya kazi kwa namna ile ile ya Frankfurt: uzito unavuta chini, kipande kinazunguka, kaunta inahesabu, na mtu anangoja.